MSAMBU: MTI DUME NA MTI JIKE

Wengi wetu hapa Rangwi tukiona mti usiozaa twasema, "Hauna faida, na ukatwe uwe kuni." Yafaa neno hili lifikiriwe kwanza, na msambu watufundisha sababu yake.

Msambu ni mti wa misitu ya milimani yenye mvua nyingi. Sisi tuko Usambara ya Magharibi. Mti huu wajulikana zaidi ng'ambo ya bonde la Luengera, katika misitu ya Amani, na tena Uluguru. Wataalamu huuita Allanblackia stuhlmannii, kwa kumbukumbu ya Allan Black, mjuzi wa mimea, na Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyeongoza chuo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa mwaka 1902. Ndugu zake huota Afrika tu, hata Ghana na Kongo.

Tunda lake ni kubwa, la rangi ya kahawia, nalo huweza kupata kilo kadhaa. Likiiva huanguka lenyewe. Watu huliokota, huliacha lilainike, kisha hutoa mbegu na kuzianika. Mbegu zikikamuliwa hutoa mafuta yagandayo kama samli, yafaayo kwa mapishi na sabuni. Mwaka 2008 Umoja wa Ulaya uliyaruhusu yatiwe katika siagi ya mimea.

Sasa lililo kuu. Msambu, kama mpapai, una miti dume na miti jike. Mti dume hutoa chavua, wala hauzai kamwe. Mti jike huzaa, lakini sharti ua lake lifikiwe na chavua iletwayo na wadudu na ndege aitwaye chozi. Basi akataye miti dume yote kwa kuwa haizai, amekata na matunda ya miti jike.

Tena hasara hiyo hairudi upesi. Mbegu hukawia kuota, pengine mwaka mzima, na mche hungojewa miaka mingi kabla ya kuzaa. Panya buku huzika mbegu ardhini, na zile asizozirudia huota. Kwa hiyo aokotaye asizizoe zote.

Basi, wazee na walimu, waonyesheni vijana ua kabla hawajashika shoka. Likiwa na mafungu matano ya nyuzi za chavua, wala hamna kitunda katikati, mti huo ni dume. Uacheni usimame karibu na majike yake.