Maji Yaingiayo kwa Madirisha ya Chini

Wenzetu waliohamia Minnesota, huko Marekani, hukuta nyumba za namna tusiyoizoea. Udongo wa huko huganda sana kwa baridi, hata misingi hushushwa futi 3 na nusu, mahali pengine futi 5. Basi watu huchimba zaidi kidogo, wakapata orofa nzima chini ya ardhi. Madirisha ya orofa hiyo yako sawa na uwanja, na mengine yamo ndani ya shimo lililozungushiwa bati. Theluji iyeyukapo mwezi wa Machi, ardhi ingali ngumu kwa barafu, na maji hayana pa kuzama. Hujaa shimoni, yakaingia chumbani.

Wengi hukimbilia kupaka lami dirishani. Sisi twasema, anzeni na paa. Mvua ya inchi 1 juu ya paa la futi za mraba 1,000 ni galani zaidi ya 600, na mchirizi ukizibwa na majani makavu, maji hayo humwagika ukutani, juu ya shimo lenyewe. Safisheni michirizi kabla ya theluji, na mlizamu uongezwe bomba la kuyapeleka maji mbali na msingi. Kisha tazameni ardhi: yafaa iteremke kutoka ukutani inchi 6 katika futi 10 za kwanza. Mara nyingi udongo uliofukiwa wakati wa kujenga umedidimia, ukaelekea nyumbani. Kuurudisha ni kazi ya koleo na toroli tu. Ndani ya shimo pawe na kokoto, chini ya kizingiti cha dirisha.

Mfuniko wafaa pia, lakini hapa twawaomba mtusikilize sana. Mtu akilala chumbani humo, dirisha lile ndilo mlango wake siku ya moto, ngazi ikiwa imejaa moshi. Kwa hiyo mfuniko usipigwe misumari, wala kufungwa kwa kufuli, wala kuwekewa jiwe juu. Uwe mwepesi, ufunguke kutoka ndani pasipo ufunguo wala chombo. Shimo likipita kina cha inchi 44, sharti liwe na ngazi yake. Theluji ikianguka juu yake iondolewe siku iyo hiyo. Na mtoto alalaye humo afundishwe kuufungua. Ajaribu mwenyewe mchana, nanyi msimame nje mkimtazama.