Uwiano wa Namna Mbili

Uwiano mmekwisha kujifunza darasani. Leo napenda kuwaeleza namna zake mbili ambazo watu huzichanganya, hata magazetini.

Mwaka 1999 jarida la madaktari la Marekani, New England Journal of Medicine, lilichapa uchunguzi mmoja. Madaktari 720 walionyeshwa picha za sinema za waigizaji, weusi na weupe, waliojifanya wagonjwa wa kifua. Kila daktari aliulizwa kama angempeleka mgonjwa wake kupimwa mishipa ya moyo. Tukizifanya hesabu zile kuwa za elfu, katika weupe 1000 wangalipelekwa 906, na katika weusi 1000 wangalipelekwa 847. Magazeti yakatangaza kwamba nafasi ya mtu mweusi kupelekwa ilipungua kwa asilimia 40. Je, ndivyo?

Tuhesabu pamoja. Gawanya 847 kwa 906, utapata 0.93. Basi nafasi ilipungua kwa asilimia 7. Huu ndio uwiano wa hatari, na hapa neno hatari lina maana ya nafasi ya jambo kutukia, liwe jema au baya.

Sasa linganisha waliopelekwa na wasiopelekwa. Weupe ni 906 kwa 94, yaani 9.6. Weusi ni 847 kwa 153, yaani 5.5. Gawanya 5.5 kwa 9.6, utapata karibu 0.6. Hapo ndipo ilipotoka ile asilimia 40! Hesabu haikukosewa; iliyokosewa ni tafsiri yake.

Mtauliza, mbona wataalamu hutumia uwiano huu wa pili? Ni kwa sababu rigresheni ya lojistiki, hesabu inayopima mambo mengi kwa mara moja, hutoa jibu lake kwa namna hiyo. Jambo likiwa adimu, kama la mtu 1 katika 100, uwiano wa namna zote mbili hukaribiana. Likiwa la kawaida, hutengana sana.

Njia ya kurekebisha ipo. Chukua mlinganyo uliopatikana, kisha tafuta nafasi katika kila jibu, kwanza kana kwamba mgonjwa ni mweusi, halafu kana kwamba ni mweupe, mengine yote yasibadilike. Tafuta wastani wa kila upande. Ikiwa katika uchunguzi mtu mmoja husimama badala ya wengi na mwingine badala ya wachache, mpe kila mmoja uzito wake. Mwisho, gawanya wastani kwa wastani.

Asidhani mtu kwamba asilimia 7 si kitu. Kutoka 906 hadi 847 ni wagonjwa 59 katika kila 1000, na moyo hauna akiba. Lakini dhuluma ya kweli ikitiwa chumvi, mwenye kuikana hupata la kusema. Kwa hiyo, vijana wenzangu, mkisoma kwamba jambo limezidi au limepungua kwa asilimia kadha, ulizeni kwanza: ni wangapi katika wangapi?