Tasifida katika Kiingereza cha Menejimenti: Mfano wa Msamiati wa Kuachisha Kazi

1.0 Utangulizi
Rejesta ya menejimenti katika Kiingereza cha kazini hulalamikiwa kuwa inachosha na kutatanisha. Aghalabu lawama hizo huishia kwenye mtindo. Makala haya yanadai kwamba tatizo ni la kisarufi na kisemantiki: rejesta hiyo humwondoa mtenda, kisha hulificha tendo lenyewe. Msamiati wa kuachisha watu kazi unatumiwa kuwa kielelezo.

2.0 Usuli
Mwaka 1946 George Orwell alichapisha insha iliyoshutumu matumizi ya lugha kufunika ukweli katika siasa. Mwaka 1948 kilitoka kitabu cha Ernest Gowers, Plain Words, kilichoandikwa kwa ombi la Hazina ya Uingereza ili watumishi wa serikali waandike kwa uwazi. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 2010 inazitaka idara za serikali kuu kuandika nyaraka zinazoeleweka kwa umma. Sheria hiyo, hata hivyo, haizibani kampuni binafsi, na huko ndiko rejesta hii inakostawi.

3.0 Uchambuzi
Katika miaka ya 1970, baada ya bei ya mafuta kupanda, neno "downsizing" lilitumika Marekani kwa magari yaliyoundwa kwa umbo dogo zaidi. Katika miaka ya 1980 lilihamishiwa kwa wafanyakazi. Lilipozoeleka na ukali wake kudhihirika, likazuka "rightsizing", yaani kuweka katika kipimo sahihi. Neno la kwanza lilikiri kwamba kuna kinachopungua. La pili halikiri hata hilo, bali linatoa hukumu kwamba lililofanyika ni sahihi. Aidha, yote mawili hutumika kama nomino, hivyo hayalazimiki kumtaja anayepunguza wala anayepunguzwa. Mfanyakazi anayesoma tangazo la namna hiyo hawezi kujua iwapo mwezi ujao atakuwa na kazi, wala amwulize nani.

4.0 Ulinganisho na Kiswahili
Sentensi "Amepunguzwa kazini" nayo haimtaji mtenda, lakini kiambishi a- kinambakiza mtendwa katika nafasi ya kiima. "Amemwaga unga" humgeuza mtendwa kuwa mtenda, na "Kibarua chake kimeota nyasi" haina mtenda kabisa. Hata hivyo, hakuna msikilizaji asiyeelewa kwamba mtu amepoteza riziki yake. Ni dhahiri, basi, kwamba kumficha mtenda si sawa na kulificha tendo.

Hii haina maana kwamba Kiswahili kina kinga. Mfasiri akiandika "urekebishaji wa ukubwa wa taasisi", atakuwa ameuhamisha ukungu uleule kwa kutumia unominishaji wa Kiswahili.

5.0 Hitimisho
Mfasiri wa nyaraka za kazini hana budi kukirejesha kitenzi na kuuliza: nani anatenda, anatenda nini, na nani anatendwa? Pale matini chanzi yanapomnyamazia mtenda, mfasiri hana mamlaka ya kumbuni. Lakini muktadha unapothibitisha kwamba watu wanaachishwa kazi, tafsiri iseme hivyo. Msomaji wa tangazo hilo ana haki ya kujua kwamba habari inayosomwa ni yake.