Jua Haki Zako: GP akisema "tutakupigia", nawe unataka akuone

Ni saa mbili asubuhi mjini Leicester, na vituo vya GP, yaani madaktari wa mtaa, ndiyo kwanza vinafungua laini. Mama wa makamo, mzaliwa wa Tanga, yuko kitandani na simu sikioni. Sauti ya mashine imemwambia ni wa kumi na nne kwenye foleni. Tumchukue yeye kuwa mfano wetu, maana Waswahili wengi wanaoishi Uingereza wana mama, shangazi au jirani yaliyomkuta haya.

Siku ya tatu sasa ana homa ya ndani, na tumbo linamkata upande wa kulia. Mhudumu wa mapokezi anamwambia daktari atampigia kati ya saa nne na saa nane. Mama anasema ahsante, kama alivyolelewa, anakata simu. Saa tano na robo inaita namba iliyofichwa. Daktari anauliza kama ana homa. Binti anamweka mama kipimajoto, kinasoma 36.8. Basi, homa hakuna. Kwa Mtanga, homa ya ndani ni ile ambayo ngozi haina moto lakini mifupa inalegea, mdomo unakuwa mchungu na mtu anatafuta shuka mchana kweupe. Daktari hakuyasikia hayo, alisikia namba. Dakika nane, dawa ya maumivu, kwaheri. Lile tumbo hakuna mkono uliolibonyeza.

Swali ambalo binti huyo angeuliza ni hili: je, mama angeweza kudai aonwe ana kwa ana?

Jibu lina pande mbili. Hakuna sheria England inayompa mgonjwa uwezo wa kusema "nataka kuonwa" na mlango ukafunguka papo hapo. Wala hakuna sheria inayokiruhusu kituo kikuweke kwenye simu kwa kuwa tu ndivyo walivyozoea. Haki yako iko katikati: ombi lako lisikilizwe, na likikataliwa, pawe na sababu ya kitabibu. Kwa hiyo anayeomba bila kutaja sababu ana haki lakini hana pa kuishikia.

Tahadhari moja: haya yote ni ya England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao.

Kanuni zinasemaje

Kabla ya korona, miadi kama 8 kati ya kila 10 ya GP ilikuwa ya ana kwa ana. Aprili 2020 idadi hiyo ilishuka chini ya nusu. Maambukizi yalipopungua, vituo vingi vilibaki na mazoea ya simu, na malalamiko yakajaa. Mei 2021 NHS England, mamlaka ya huduma ya afya ya umma, iliviandikia vituo vyote kwamba ni lazima vitoe miadi ya ana kwa ana, na kwamba mgonjwa akipendelea kuonwa, matakwa yake yaheshimiwe isipokuwa pana sababu nzuri ya kitabibu ya kufanya vinginevyo.

Mkataba wa mwaka 2023 kati ya NHS na vituo ukaongeza jingine. Ukiwasiliana nao, siku hiyohiyo wanapaswa ama kupima uzito wa haja yako au kukuelekeza kwenye huduma inayokufaa. Kukuambia "nafasi zimekwisha, piga kesho saa mbili" hakuruhusiwi tena.

Kisha tangu Oktoba 2025 kila kituo kinatakiwa kuacha fomu yake ya mtandaoni wazi kwa maombi yasiyo ya dharura, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili na nusu jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Pamoja na hilo ulitolewa waraka unaoeleza mgonjwa atarajie nini kwa GP wake, na unapaswa kuwa kwenye tovuti ya kituo chako. Waraka huo unasema unaweza kuwasiliana nao kwa simu, mtandaoni au kwa kwenda mwenyewe mapokezini. Asiyejua kompyuta asifukuzwe dirishani akajaze fomu nyumbani.

Katiba ya NHS nayo inakupa haki ya kumtaja daktari unayempendelea, na kituo kijitahidi kukupatia, hata kama itabidi usubiri zaidi. Inakupa pia haki ya kushirikishwa katika maamuzi ya matibabu yako. Namna ya kuonwa ni sehemu ya maamuzi hayo.

Sababu zinazobeba uzito

Baraza linalosimamia madaktari, GMC, limewapa mwongozo kuhusu kutibu kwa simu na video. Kuonana ana kwa ana kunafaa zaidi pale mgonjwa anapohitaji kuchunguzwa mwili, pale ugonjwa wake unapokuwa na mambo mengi yaliyoshikana, au pale daktari asipoweza kuwa na hakika kwamba mgonjwa ameelewa anachoambiwa. Soma tena orodha hiyo ukimkumbuka mama wa Tanga: tumbo la kubonyezwa lipo, na lugha ya kupotezana ipo.

Sababu nyingine nzito ni hizi:

- Uvimbe, kidonda au kinundu cha kuguswa.
- Upele kwenye ngozi nyeusi. Wekundu unaoonekana upesi kwenye ngozi nyeupe huweza kutoonekana kabisa kwenye yetu, na picha ya simu huuficha zaidi. Useme hivyo waziwazi.
- Tatizo ambalo limeshazungumzwa kwenye simu na halijapona. Taja tarehe ya simu ile.
- Usikivu hafifu, kigugumizi, kusahau, au ugonjwa wa akili unaokufanya ushindwe kujieleza kwenye simu.
- Kukosa faragha. Anayeishi chumba kimoja na watu wanne, au anayeogopa mtu aliyemo humo nyumbani, hawezi kusema ya moyoni kwenye simu.

Ulemavu una nguvu ya pekee. Sheria ya Usawa ya 2010 inamtaka mtoa huduma arekebishe utaratibu wake, kwa kadiri inavyostahili, ili mwenye ulemavu asibaki nyuma. Kiziwi akiomba kuonwa badala ya kupigiwa simu, hatafuti upendeleo. Anadai wajibu wa kisheria. Na mgonjwa ambaye hali yake haimruhusu kutoka anaweza kuomba daktari amfuate nyumbani. Uamuzi ni wa daktari, lakini autoe kwa kuitazama hali ya mgonjwa.

Tuseme kweli pia: simu ina faida zake. Kupata majibu ya vipimo, kuongeza dawa ya presha uliyoizoea au kuomba karatasi ya mapumziko ya kazini hakuhitaji upande mabasi mawili. Ukiikubali simu, mwambie mhudumu saa unazoweza kupokea, hasa kama kazi yako ni ya ghalani au ya kuwatunza wazee ambako simu hukaa kabatini, na umwambie utapokea hata namba iliyofichwa. Wengi wamekosa daktari kwa kudhani ni matapeli wanapiga.

Lugha yako si kosa lako

Mkalimani kwa GP ni bure. Mwongozo wa NHS hautaki ndugu na marafiki wafanywe wakalimani, na mtoto aliye chini ya miaka 16 hafai kabisa kubebeshwa kazi hiyo. Sababu iko wazi. Mama gani atataja kutokwa damu ukeni kupitia mdomo wa mwanawe wa darasa la sita? Atasema "tumbo tu", na tumbo tu ndilo litakaloandikwa.

Omba mkalimani unapoomba miadi, usisubiri siku yenyewe. Omba pia muda mrefu zaidi, kwa kuwa kila sentensi itasemwa mara mbili. Na taja Kiswahili chako: aliyezaliwa Bukavu au Lubumbashi anaweza kupotezana na mkalimani wa Zanzibar kwenye mambo madogo ya mwili, na hayo madogo ndiyo daktari anayoyatafuta. Mwanamke anayetaka daktari wa kike aseme, kituo kijitahidi. Katika uchunguzi wa sehemu za siri, mgonjwa yeyote, mwanamume au mwanamke, anaweza kuomba awepo mhudumu wa tatu wa kushuhudia.

Namna ya kuomba

Mhudumu wa mapokezi akikuuliza shida yako, hakuchunguzi. Amefundishwa kukuelekeza kwa mtu sahihi. Mpe sababu kwa sentensi tatu, kwa utaratibu huu: shida ni nini na imeanza lini, kwa nini simu haitoshi, unaomba nini. Kwa mfano: "Tumbo linaniuma upande wa kulia kwa siku tatu na maumivu yanazidi. Naomba daktari alichunguze kwa mkono, na Kiingereza cha kwenye simu hakinitoshi. Naomba nionwe leo pamoja na mkalimani wa Kiswahili." Kama ni jambo la siri, sema ni la siri, hulazimiki kulianika mapokezini.

Ukiambiwa "tunatoa simu tu", sema kwa upole mambo mawili: "Ni sababu gani ya kitabibu inayozuia nisionwe?" na "Tafadhali andika kwenye faili langu kwamba nimeomba kuonwa na hiyo ndiyo sababu niliyopewa." Jambo la pili lina uzito kwa kuwa faili ni ushahidi. Una haki ya kuomba nakala yake bila malipo, na kwa kawaida inatakiwa itolewe ndani ya mwezi mmoja.

Daktari akishapiga, mlango haujafungwa. Mwambie: "Sijatulia, naomba unione." Simu nyingi za GP ni za kupima nani aonwe, na wengi huitwa kituoni siku hiyohiyo baada ya kuzungumza. Asiyesema hajatulia huhesabiwa ametulia.

Usiusahau mlango wa famasi. Tangu Januari 2024 famasi nyingi England zinaweza kutibu maradhi 7 bila cheti cha daktari. Yamo maumivu ya koo, ya sikio kwa watoto, mkanda wa jeshi, na maambukizi ya mkojo yasiyo na utata kwa wanawake wa miaka 16 hadi 64. Huko mara nyingi unaingia bila miadi na unazungumza na mtu aliye mbele yako.

Maumivu makali ya kifua, kushindwa kupumua, uso kupinda ghafla au kupoteza fahamu ni ya 999. Usikae kwenye foleni ya GP. Ukiwa na wasiwasi usio wa 999 na kituo kimefungwa, piga 111. Nako unaweza kuomba mkalimani.

Wakikataa

Anza kwa meneja wa kituo, kwa mdomo au kwa maandishi. Usipotaka kuwalalamikia wao wenyewe, peleka kwa bodi ya NHS ya eneo lako, ICB, ambayo tangu Julai 2023 ndiyo inayopokea malalamiko kuhusu GP. Chagua mlango mmoja, maana ukishajibiwa na mmoja, wa pili hautalifungua upya lalamiko lilelile. Una miezi 12 tangu jambo litokee au tangu ulipolijua, na unapaswa kupata taarifa kwamba limepokewa ndani ya siku 3 za kazi. Jibu lisipokuridhisha, nenda kwa Ombudsman wa Bunge na Huduma za Afya. Kote huko hulipi kitu, na kila eneo lina huduma ya bure ya kukusaidia kuandika lalamiko.

Andika tarehe, saa, uliyezungumza naye na maneno aliyoyatumia. Lalamiko lenye tarehe nne lina nguvu kuliko lenye kurasa nne za hasira.

Mgeni na asiye na karatasi

Mama aliyekuja kumwangalia mjukuu kwa miezi miwili naye anaweza kuandikishwa kwa GP kama mkazi wa muda. Kumwona GP ni bure kwa kila aliyeko England, awe na viza ya aina yoyote au asiwe nayo. Gharama zinaweza kuanza hospitali, si kwa GP. Kituo hakitakiwi kukukataa kwa kukosa pasipoti, bili ya umeme au namba ya NHS. Kikikataa kukuandikisha, kinapaswa kukupa sababu kwa maandishi ndani ya siku 14, na sababu hiyo isiwe rangi, dini, umri, ulemavu wala ugonjwa wako.

Sasa turudi kwa mama wa Tanga, kabla hajakata simu. Sisi tumefundishwa kutomsumbua mkubwa, na daktari tunamhesabu mkubwa. Adabu hiyo ni njema, tubaki nayo. Ila mhudumu wa mapokezi hawezi kuyasoma maumivu ndani ya neno ahsante. Usiku wa leo andika sentensi zako tatu kwenye karatasi, uiweke kando ya kitanda. Kesho saa mbili asubuhi zisome kwanza, ahsante ije mwisho.