Pumu: Mwili Unapopigana na Vumbi

Familia zinazoishi karibu na ziwa, kuanzia Pasiansi na Kirumba hadi visiwani, zinayajua mawingu ya vijidudu yanayopanda kutoka majini kama moshi na kuingia majumbani yakifuata taa. Wengi wetu huvifagia asubuhi na kuendelea na kazi. Lakini wapo watu ambao vumbi la wadudu wa namna hiyo huwaletea chafya, macho mekundu na kubanwa kifua. Kwa nini kitu kilekile kimdhuru mmoja na kumwacha mwingine? Mwezi huu tujifunze jambo hilo.

Kingamwili E ni nini?

Damu yetu ina protini ziitwazo kingamwili. Kazi yake ni kuwatambua wageni wanaoingia mwilini, na kila moja hulingana na mgeni wake kama ufunguo na kufuli. Mnamo 1966 na 1967, Kimishige na Teruko Ishizaka huko Marekani, na S.G.O. Johansson na Hans Bennich huko Sweden, walitambua aina moja iliyo chache sana katika damu lakini yenye nguvu kubwa. Mwaka 1968 ikaitwa imunoglobulini E. Sisi tuiite kingamwili E.

Kingamwili hii ina faida. Husaidia kupambana na minyoo, pamoja na ile ya kichocho, ugonjwa unaojulikana sana kando ya ziwa letu. Tatizo huanza mwili unapoitengeneza dhidi ya kitu ambacho kwa watu wengi hakina madhara: chavua ya maua, kinyesi cha utitiri wa kwenye magodoro, mende, paka, au protini ya samaki. Hali hiyo ndiyo mzio, au aleji.

Mambo hutokeaje?

1. Mara ya kwanza mtoto anapovuta vumbi hilo, haonekani kuumwa. Ndani kwa ndani mwili hutengeneza kingamwili E, nazo hujishikiza juu ya seli za masti zilizomo katika ngozi, pua na mapafu.

2. Akilivuta tena, protini ya vumbi hunaswa na kingamwili mbili zilizo jirani na kuziunganisha. Hiyo ndiyo ishara. Seli humwaga histamini na kemikali nyingine.

3. Katika dakika chache mishipa midogo ya damu huvuja, ute huongezeka, na misuli inayozunguka njia za hewa hukaza. Puani huwa mafua na chafya. Mapafuni huwa pumu, na pumzi hutoka kwa mluzi.

4. Saa kadhaa baadaye hufika seli nyingine, eosinofili, nazo huleta uvimbe. Uvimbe huu unaweza kubaki hata siku ambazo mtoto anacheza bila kukohoa.

Si kila pumu hutokana na mzio. Mafua, moshi wa kuni na sigara vinaweza pia kuiamsha. Nayo haiambukizi.

Fundisho kutoka Mto Nile

Huko Sudan, kando ya mto uleule unaotoka katika ziwa letu, vijidudu vidogo viitwavyo nimitti viliwaletea watu wengi pumu. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba kinacholeta mzio ni hemoglobini ya vijidudu hivyo. Funza wake huishi katika tope lenye oksijeni kidogo, na hemoglobini huwasaidia kuipata. Mdudu akifa hukauka, akawa vumbi, nalo vumbi huvutwa. Vijidudu vya jamii hiyo vimo pia katika Ziwa Victoria. Basi mwenye pumu asifagie wadudu waliokauka. Mtu mwingine awafute kwa kitambaa chenye maji, na madirisha yafungwe kabla ya kuwasha taa.

Dawa mbili, kazi mbili

Salbutamoli hulegeza misuli iliyokaza, na mgonjwa hupata nafuu upesi. Lakini haiondoi uvimbe. Dawa za kuvuta kama beklometasoni na budesonidi ndizo zinazopunguza uvimbe, nazo hutumiwa kama daktari alivyoagiza, hata siku za nafuu. Hazimfanyi mtu kuwa mtumwa wa dawa. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu haushauri watu wazima na vijana kutibiwa kwa salbutamoli peke yake.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta dawa vizuri moja kwa moja. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa na kuzibwa sawasawa kuzunguka kopo la dawa, yafaa kumsaidia. Mwombe mganga au muuguzi akuonyeshe.

Wazazi, kumbukeni

Mpelekeni mgonjwa hospitali mara moja, hata usiku, mkiona haya: hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mbavu zinaingia ndani anapopumua, midomo inageuka rangi ya bluu, anasinzia au kuchanganyikiwa, au dawa ya kuvuta haimsaidii. Njiani endeleeni kumpa salbutamoli, na mwacheni akae wima. Mluzi ukinyamaza ghafla huku bado anahangaika, msidhani amepona. Huenda hewa haipiti tena.