Inositoli: Ndugu ya Sukari Aliyejificha Katika Maharage



Ndugu wasomaji, mimi nasoma biokemia, na mara kwa mara wenzangu hapa chuoni huniuliza maswali ya chakula na dawa. Muhula huu dada kadhaa wameniuliza kuhusu unga mweupe uitwao inositoli, ambao wameusikia ukisifiwa mitandaoni. Wengine walikuwa tayari kutumia pesa ya matumizi ya mwezi kuununua. Nikaona ni bora tujifunze sote, kwa kuwa kitu hicho tunakila kila siku katika posho na maharage, na kinagusa pia tatizo la upungufu wa damu linalowasumbua wengi wetu.

Ni kitu gani?

Inositoli ina ladha tamu kidogo, na fomula yake ni C6H12O6, sawasawa na ya glukosi. Tofauti iko kwenye umbo. Atomu zake sita za kaboni zimeshikana zenyewe kwa zenyewe zikafanya pete, na kila moja imebeba kundi la oksijeni na haidrojeni. Kwa jinsi makundi hayo yanavyoelekea juu au chini, kuna maumbo tisa ya inositoli. Linalopatikana zaidi mwilini huitwa mayo-inositoli. Mwanasayansi Mjerumani, Johann Joseph Scherer, aliitoa kwenye nyama mwaka 1850, na jina lake limetokana na neno la Kigiriki lenye maana ya msuli.

Zamani ilihesabiwa miongoni mwa vitamini za kundi B. Siku hizi haihesabiwi hivyo, kwa sababu vitamini ni kitu ambacho mwili hauwezi kujitengenezea cha kutosha, ilhali inositoli mwili wetu huitengeneza kutokana na glukosi. Figo ndizo zinazofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, gramu kadhaa kwa siku. Kwa hiyo hata anayefunga Ramadhani haishiwi inositoli.

Kazi yake ndani ya seli

Kila seli imezungukwa na utando wa mafuta. Katika upande wa ndani wa utando huo, inositoli imeshikizwa kwenye mafuta, na seli huweza kuipachika fosfeti moja, mbili au tatu. Fosfeti hizo ni kama alama: kila mpangilio una maana yake.

Chukua mfano wa mjumbe anayefika mlangoni asiruhusiwe kuingia. Homoni nyingi ziko hivyo. Zikigonga nje, kimeng'enya kilichoko ndani hukata kipande cha inositoli chenye fosfeti tatu, nacho huogelea ndani ya seli kupeleka habari. Mwaka 1983 Michael Berridge na wenzake walionyesha, kwa kutumia seli za kongosho, kwamba kipande hicho hufungua ghala la kalisiamu lililomo ndani ya seli. Kalisiamu ikitoka, seli hufanya kazi iliyoamriwa, kama vile kumwaga vimeng'enya vya kusaga chakula.

Insulini nayo hutegemea njia iliyo jirani na hiyo. Ikigonga seli ya msuli, fosfeti ya tatu huongezwa kwenye inositoli ambayo bado imeshikana na utando. Alama hiyo ndiyo inayoanzisha mfululizo wa kupandisha milango ya glukosi juu ya seli, na sukari huingia kutoka kwenye damu.

Katika chungu chetu

Mimea huhifadhi fosfeti kwenye mbegu kwa kuipachika inositoli fosfeti sita. Hiyo huitwa fitati, na imo kwa wingi katika maharage, mahindi, ulezi, karanga na pumba za nafaka. Fitati hukamata madini ya chuma na zinki tumboni, na utumbo wetu hauna vimeng'enya vya kutosha kuivunja. Ndiyo maana mtu anaweza kula maharage kila siku na bado akapungukiwa damu, hasa dada zetu wanaopoteza damu kila mwezi.

Dawa yake si kuacha maharage, maana yana protini na faida nyingine nyingi. Fanyeni haya:

1. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha pika kwa maji mapya. Fitati hupungua kiasi.
2. Kuotesha nafaka au kuchachusha uji hupunguza zaidi, kwa kuwa mbegu inapoota huivunja fitati yenyewe. Bushera ya siku moja ni mfano mzuri. Ile iliyokaa hadi ikawa kileo haituhusu.
3. Kula na chungwa, nyanya mbichi au pera. Vitamini C husaidia chuma kupita.
4. Chai ya majani isinywewe pamoja na chakula. Subiri saa moja au zaidi.

Na ule unga?

Umechunguzwa hasa kwa wanawake wenye tatizo la ovari zenye vifuko vingi, ambao hedhi zao huvurugika na insulini haifanyi kazi vizuri. Baadhi ya matokeo yanatia moyo, lakini ushahidi bado ni mdogo. Dada ambaye hedhi zake zimekatika au zimevurugika aende kwanza kupimwa, kwani sababu ni nyingi. Na mgonjwa wa kisukari asiache dawa zake kwa ajili ya unga huo hata siku moja. Mwili ni amana.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini inositoli haihesabiwi tena kuwa vitamini?
2. Kipande chenye fosfeti tatu hufungua ghala gani?
3. Chumbani kwenu mnapika maharage vipi, na ni hatua ipi mnaweza kuibadilisha wiki hii?

Wabillahi tawfiq.