UFAHAMU: Mabanda ya Mawe ya Wafugaji wa Milimani

Mtahiniwa, kifungu hiki kinapima sababu na matokeo. Kisome mara mbili kabla ya kugusa maswali.

Ukiwa Soweto, Mbeya, huenda maziwa unayokunywa yametoka Rungwe, ambako ng'ombe wengi hufungiwa bandani na kukatiwa majani. Huko Ticino, jimbo la kusini mwa Uswisi katika milima ya Alps, mfugaji ndiye aliyeyafuata majani. Baada ya majira ya baridi alipandisha ng'ombe hadi malisho ya kati, kiangazi akafika ya juu kabisa, kisha akashuka kabla ya theluji. Kila kituo kilihitaji banda. Malisho ya juu yalihitaji pia mahali pa kutengenezea jibini, kwa kuwa maziwa yangeharibika kabla ya kufika kijijini. Mawe yalijaa hapohapo. Wakajenga kuta za mawe na kuezeka kwa mabamba ya mawe juu ya boriti za mti.

Katika karne ya 20 vijana wengi waliacha kazi hiyo, na mabanda yakabaki matupu. Jengo la namna hii hufa kuanzia juu. Bamba moja likiteleza, mvua huozesha boriti, paa huporomoka na kusukuma kuta. Kwa hiyo kuwahi kurudishia bamba hilo ni nafuu kuliko kujenga ukuta upya. Ukuta uliotuna hubomolewa hadi penye uimara, ukapangwa tena kwa mawe yaleyale, marefu yakilazwa kukatiza upana ili yafunge pande zote mbili. Kuziba nyufa kwa saruji huonekana kama kuimarisha, kumbe hunasa maji ndani. Yakiganda hutanuka na kupasua. (Wanafunzi wa Fizikia hapa hawana udhuru.)

Mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha ufundi wa kujenga kwa mawe bila saruji, kwa ombi la nchi nane, Uswisi ikiwamo. Kilichoorodheshwa ni ujuzi, si majengo. Mabanda mengi ya Ticino sasa ni nyumba za mapumziko: kuta zimepona, ng'ombe hawakurudi.

Maswali
1. Kwa nini jibini lilitengenezewa mlimani?
2. Eleza jinsi bamba moja linavyoweza kuangusha banda zima.
3. Je, banda lililogeuzwa nyumba ya mapumziko limehifadhiwa? Toa hoja mbili.

Kidokezo: Swali la 2 linataka mfuatano, ukiruka boriti, mnyororo umekatika. Katika swali la 3 "ndiyo" na "hapana" zote zinakubalika, mradi hoja zitoke kifunguni na sentensi ziwe zako.